TOKA KIBUBU HADI NYUMBA YA WAPANGAJI
Historia fupi ya akina mama na nyumba za kupangisha, Shinyanga na Geita

Kitabu hiki cha miaka 10 kisingekamilika bila kuzungumzia nyumba za kupangisha. Tangu tuanze kuweka hisa, nyumba ndiyo kiu ya wengi wetu. Wapo walionunua vyumba viwili vilivyochoka wakavifufua, wapo waliojenga uani, na wapo ambao hadi leo wanakusanya tofali. Tumeona ni vema kuandika jambo hili lilikotoka, ili mabinti wanaoingia kikundini wasianze gizani.

Zamani nyumba ilikuwa ya nani

Mji wa Shinyanga ulipata nguvu kwa reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na kwa pamba ya Usukuma. Majumba ya maana ya mjini yalikuwa zaidi ya wafanyabiashara wa Kiasia. Baada ya Uhuru, Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, lililokataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 sheria ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba.

Kwa hiyo siku zile mwenye nyumba za kupangisha alitazamwa kwa jicho la unyonyaji. Mambo yalilegea mwaka 1991 kwa Azimio la Zanzibar. Lakini tazameni mambo yalivyopishana: mlango ulipofunguliwa, mfuko ukafungwa. Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo ilikuwa ikikopesha wananchi kujenga, ilifungwa mwaka 1995. Mtu wa kawaida akabaki na kibubu chake, na mwanamke akabaki hata bila kibubu, maana pesa ya pamba ilipokelewa na baba.

Dhahabu ikaleta wapangaji

Geita si mgeni wa dhahabu. Mgodi wa zamani ulianza miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Baada yake walibaki wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko. Kisha ikaja migodi mikubwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu kule Kakola mwaka 2001, na Buzwagi karibu na Kahama mwaka 2009. Mwaka huohuo wa 2009 maji ya Ziwa Victoria yalifika Kahama na Shinyanga kwa bomba. Kila mwenye nyumba anajua maana yake: chumba chenye bomba uani hakikai bila mtu.

Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Wakaja makarani, walimu, wauguzi na askari, watu wa mshahara. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, la kwanza la aina yake nchini. Mwaka 2021 Kahama ikawa manispaa.

Lakini mwaka huohuo wa 2021 mgodi wa Buzwagi ulifikia mwisho wa kazi zake. Hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote katika historia hii. Kahama haikufa. Kwa nini? Kwa sababu mji ule una mchele, una barabara ya malori ya Rwanda na Burundi, na jirani yake ni Isaka yenye bandari kavu. Mpangaji wa mgodi akiondoka, yupo wa kuchukua ufunguo. Sasa linganisha na banda lililojengwa pembeni ya maduara ya wachimbaji wadogo. Duara likikauka, wapangaji wanahama usiku mmoja na kukuachia magodoro. Kwa hiyo kabla hujanunua, usiulize leo kodi ni kiasi gani. Uliza: dhahabu ikiisha, nani atalala humu?

Pesa ilipatikanaje

Mtindo wetu wa kuweka hisa katika sanduku la kufuli tatu una historia yake. Shirika la CARE lilianza na akina mama wa Niger mwaka 1991, likauleta Zanzibar mwaka 2000, na toka hapo ukaenea bara tukauita VICOBA. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitambua vikundi kama chetu na kutaka visajiliwe.

Uzuri wa sanduku tunaujua. Udhaifu wake kwa mambo ya nyumba ni huu: kwa kawaida mkopo wa kikundi hauzidi mara tatu ya hisa, na hurejeshwa ndani ya miezi michache. Kodi ya nyumba nayo huingia polepole. Tupige hesabu ya mfano. Mama amekopa shilingi 1,200,000 kukarabati vyumba viwili, na kila chumba kinapangishwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwezi anapata 80,000. Atahitaji miezi 15 kurudisha mkopo huo, riba bado, na vyumba visikae wazi hata mwezi mmoja. Mkopo wa miezi sita haulipwi na vyumba hivyo, jamani. Unalipwa na mchele, genge au cherehani.

Ndiyo maana waliofanikiwa kati yetu walikwenda kwa vituo. Mgao wa mwaka wa kwanza ulinunua kiwanja au nyumba chakavu. Wa pili ukapaua. Wa tatu ukapiga lipu na sakafu. Mkopo ulichukuliwa kwa sehemu ndogo tu, na biashara ndiyo iliyolipa. Ni mwendo wa kobe, ila hakuna aliyepokonywa kitanda.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo wanawake wana asilimia 4. Iliwekwa katika sheria mwaka 2018, ikasitishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka 2024. Mikopo hiyo ni ya kukuza miradi ya uzalishaji. Si ya kununulia bati za nyumba yako.

Kufufua nyumba chakavu

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu nyufa zina asili yake. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka, basi msingi mwepesi hupasuka kila mwaka. Nyumba iliyo kwenye udongo wa kichanga, luseni, hutulia zaidi. Kwa hiyo nyumba ikaguliwe wakati wa mvua, si Agosti. Dalali akikuharakisha kiangazi, ujue pana jambo.

Utaratibu ambao mafundi wetu wametufundisha ni huu: kwanza paa na mbao za kenchi, maana mchwa hula kimyakimya, pili mfereji wa kutoa maji pembeni ya ukuta, tatu nyufa na lipu, nne sakafu na choo, tano umeme, rangi iwe ya mwisho. Anayeanza na rangi anapamba mgonjwa.

Tena kumbukeni, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Anayenunua umeme ni mpangaji, bali kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Elewaneni mapema, msije mkagombana kwa jambo dogo.

Jina kwenye karatasi

Haya yote ni bure kama jina lako halimo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anayo haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zikasema wazi kuwa haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Hata hivyo mila za urithi zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimnyima mjane sehemu yake. Wajane wawili wa huku huku Shinyanga, waliotolewa nyumbani na ndugu wa waume zao, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa mila hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010. Hawakuchoka. Walifika hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikawapa haki.

Wajane hao hatuwajui kwa sura, lakini ni wenzetu. Na kikundini mwetu pia yupo aliyejenga vyumba kwa mgao wake, hati ya mauziano ikaandikwa jina la mume peke yake, na baada ya msiba akaambiwa yeye ni mgeni. Tangu hapo tuna desturi: anayekopa kwa ajili ya nyumba huleta nakala ya hati yenye jina lake, au la wote wawili, mashahidi na ofisi ya mtaa ikiwa imetia mhuri. Na tunahimizana wosia uandikwe mapema. Mali bila daftari huisha bila habari.

Miaka 10 ijayo tunatamani kuona nyumba nyingi zaidi, lakini zaidi ya hapo tunatamani kuona hati nyingi zaidi zenye majina ya akina mama. Anayetaka kuanza aje siku ya mkutano na daftari lake. Tutakaa naye, tutapiga hesabu pamoja.