Phoenix: Makumbusho Juu ya Mifereji ya Kale

Phoenix, mji mkuu wa jimbo la Arizona kusini-magharibi mwa Marekani, umejengwa katikati ya jangwa la Sonora. Mvua ya mwaka mzima ni haba, takriban milimita 180 hadi 200, na mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 40 za selsiasi siku baada ya siku. Hata hivyo sensa ya 2020 iliwahesabu wakazi 1,608,139, idadi inayoufanya kuwa wa tano kwa ukubwa nchini. Wakati wa kiangazi mtoto hawezi kucheza nje mchana. Bembea za chuma huunguza mikono na lami hulainika. Ndiyo maana majumba ya makumbusho, yenye viyoyozi na nafasi ya kukimbia, yamekuwa kwa familia za Phoenix kile ambacho uwanja wa kijiji ni kwa watu wa nchi zenye kivuli. Lakini hayakuanzishwa kwa ajili ya kukimbia jua. Yalianza kwa kilima cha udongo ambacho wakulima wa karne ya 19 walikikuta na kukilimia pembeni.

Kilima hicho ni kazi ya watu ambao wanaakiolojia waliwaita Hohokam. Wajukuu wao, Waakimel O'odham na Watohono O'odham, huwaita Huhugam. Watu hawa walilima mahindi, maharage, maboga na pamba katika bonde la mto Salt kwa takriban miaka 1,000, hadi karibu na mwaka 1450. Walichimba mamia ya kilomita za mifereji kwa vijiti na majembe ya mawe, bila chuma, bila mnyama wa kubeba mzigo, wakipima mteremko kwa ustadi mkubwa: maji yakienda kasi hubomoa kingo, yakienda polepole mno huacha mchanga na mfereji huziba. Wahandisi wa leo wanaoitazama ramani ya mifereji hiyo hukiri kwamba wangeipitisha mle mle.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1867 Jack Swilling, askari wa zamani aliyekuwa akitafuta bahati yake Magharibi, aliiona mifereji iliyojaa mchanga akaunda kampuni ya kuizibua. Maji yalipofika mashambani, mji ulifuata. Inasimuliwa kwamba Mwingereza aliyeitwa Darrell Duppa ndiye aliyependekeza jina la Phoenix, ndege wa hekaya anayefufuka kutoka kwenye majivu yake mwenyewe, kwa kuwa ustaarabu mpya ulikuwa unainuka juu ya magofu ya ule wa kwanza. Jina lilikuwa zuri, ila lilichukulia kwamba wa kwanza wameteketea. Waakimel O'odham walikuwa hapo hapo, kando ya mto Gila, wakilima na kuuza ngano.

Phoenix ukapata hadhi ya mji mwaka 1881 na kuwa makao makuu ya Eneo la Arizona mwaka 1889. Kwa miongo mingi haukujali sana yaliyopita. Vilima vya kale vilisawazishwa ili kupata mashamba, kisha mashamba yakageuzwa viwanja vya nyumba. Kilichookoa kimojawapo ni hiba: mwaka 1924 sehemu ya kilima kikubwa kilichoitwa Pueblo Grande ilikabidhiwa kwa serikali ya mji, na mwaka 1929 Odd Halseth, mzaliwa wa Norway, akaajiriwa kuwa mwanaakiolojia wa mji. Hakuna mji mwingine wa Marekani uliokuwa na mtumishi wa namna hiyo kabla yake. Halseth alikaa kazini takriban miaka 30, na makumbusho yaliyokua chini ya mikono yake ndiyo ya kwanza ya umma mjini Phoenix. Jukwaa la udongo analolikuta mgeni, lenye ukubwa unaokaribia uwanja wa mpira wa miguu, limezungukwa leo na barabara, reli na uwanja wa ndege wa Sky Harbor, hata ndege zinazotua hupita juu ya vichwa vya watoto walioketi kusikiliza habari za mifereji.

Mwaka huo huo wa 1929 ulizaliwa mkusanyo mwingine, kutoka sebuleni. Dwight Heard na mkewe Maie Bartlett Heard walihamia Phoenix mwaka 1895. Mume akawa mfanyabiashara wa ardhi na mmiliki wa gazeti, na nyumba yao ikajaa vikapu, vyungu na mazulia ya wenyeji asilia hadi pakakosa pa kukanyaga. Wakaamua kujenga jumba la makumbusho kando ya makazi yao, kwa mtindo wa Kihispania wenye ua wa ndani na matao. Dwight alifariki Machi 1929, kabla jumba halijafunguliwa. Maie alilifungua mwishoni mwa mwaka huo bila shamrashamra, akalitunza hadi kifo chake mwaka 1951.

Makumbusho ya Heard yanastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mabadiliko ya fikra yanaonekana waziwazi. Mwanzoni yalikuwa ya kawaida ya zama zake: tajiri hukusanya, mwenyeji huonyeshwa. Mwaka 1964 seneta Barry Goldwater, mzaliwa wa Phoenix, aliyapa wanasesere 437 wa katsina, waliochongwa na Wahopi kwa mizizi ya mti aina ya mpopla. Mtu akiwatazama nyuma ya kioo anaweza kudhani ni sanamu za mapambo. Kwa Wahopi ni zana za malezi: binti mdogo hupewa mwanasesere wakati wa sherehe ili ajifunze kuzitambua roho ziletazo mvua na wema, moja moja, kwa rangi, kinyago na manyoya. Kwa hiyo katika chumba hicho mtoto mgeni anasimama mbele ya kifaa kilichoundwa kwa ajili ya mtoto. Maelezo bora ya jambo hilo ni yale yanayotolewa na Wahopi wenyewe, na Makumbusho ya Heard hatua kwa hatua yakaanza kuwaachia nafasi ya kusema. Soko la wasanii wa asili lililoanza 1958 liliwaleta mafundi wakae na kazi zao na kuziuza wenyewe. Mashindano ya ngoma ya mapete, yaliyoanza miaka ya mapema ya 1990, huwakutanisha wachezaji wa mataifa mengi ya asili, wakiwemo watoto wadogo sana, wanaopitisha miili yao ndani ya pete na kuziunganisha mpaka ziwe tai, kipepeo au dunia.

Ujasiri mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2000, pale makumbusho hayo yalipofungua maonyesho kuhusu shule za bweni za wenyeji asilia. Phoenix ulikuwa na shule kama hiyo tangu 1891, na barabara kubwa ya mji bado ina jina lake. Watoto waliletwa kutoka mbali, wakanyolewa, wakavalishwa sare, wakapigishwa gwaride na kukatazwa kusema lugha za mama zao. Baadaye masharti yalilegea, na wapo waliohitimu huko wakiipenda shule yao kwa dhati, kwa kuwa ndiko walikopata marafiki wa maisha na ufundi. Ilifungwa mwaka 1990. Katika maonyesho hayo kuna kiti cha kinyozi, na chini yake nywele zilizokatwa. Wazazi wanaoingia na watoto wa miaka 7 au 8 hujikuta wakijibu maswali magumu mbele ya kiti hicho, na hiyo ni mojawapo ya kazi bora zinazofanywa na makumbusho yoyote ya jangwani. Maonyesho yalipangwa yadumu kwa muda mfupi tu. Watu waliendelea kuja, yakabaki, yakaundwa upya mwaka 2019.

Upande wa mashariki wa mji, kwenye vilima vyekundu vya Papago, historia ni ya mimea na wanyama. Serikali kuu ilikuwa imepatangaza mahali hapo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1914 kwa ajili ya mipungate mirefu iitwayo saguaro, kisha ikaifuta hadhi hiyo mwaka 1930. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Gustaf Starck, aliumizwa na uharibifu aliouona. Akatundika kibao chenye wito wa kuliokoa jangwa, na mshale ulioelekeza nyumbani kwake. Miongoni mwa walioufuata mshale huo alikuwa Gertrude Webster, mwanamke mwenye mali na shauku ya mipungate. Kwa fedha zake, na kwa chama walichokiunda pamoja na wenzao, Bustani ya Mimea ya Jangwani ilifunguliwa mwaka 1939. Lengo lilikuwa kuwafundisha watu wa mji uliopenda nyasi na michungwa kwamba ardhi waliyoiita tupu ina uhai wa kutosha bila kumwagiliwa.

Jirani yake ilifunguliwa bustani ya wanyama mwaka 1962, kwa juhudi za Robert Maytag, wa ukoo maarufu kwa mashine za kufulia. Sura yake tukufu kabisa inahusu choroa wa Arabuni, mnyama mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 wawindaji wenye magari na bunduki walikuwa wamekaribia kummaliza. Mwaka 1962 msafara ulioongozwa na Ian Grimwood, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya, uliingia jangwa la mashariki mwa himaya ya Aden, karibu na mpaka wa Oman, na kufanikiwa kuwatoa choroa watatu wakiwa hai. Wanyama hao walipelekwa kwanza Isiolo, kaskazini mwa Kenya, wakatunzwa huko kabla ya kuvushwa bahari. Mahali palipochaguliwa kuwa makazi yao mapya ni Phoenix, kwa kuwa hewa yake kavu inafanana na ya Arabuni. Waliungana na mmoja kutoka bustani ya wanyama ya London, mmoja kutoka Kuwait na wanne kutoka Saudi Arabia: tisa kwa jumla, na kundi hilo likaitwa kundi la dunia.

Ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 1963. Nyikani hali ilizidi kuwa mbaya. Mwaka 1972 choroa wa mwisho walioishi huru waliuawa katika Jiddat al-Harasis, Oman. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, wazao wa kundi lile waliachiliwa katika tambarare hiyo hiyo, chini ya uangalizi wa Waharasis, wafugaji waliowafahamu tangu jadi na kuhuzunika walipopotea. Mwaka 2011 mnyama huyu alihamishwa kutoka orodha ya walio hatarini kutoweka hadi daraja la hatari iliyopungua kidogo. Mtoto anayesimama kwenye uzio pale Phoenix anawaona wanyama ambao njia yao ilipita Isiolo na kurudi hadi Oman. Safari ndefu, na bila hiyo jina la choroa wa Arabuni lingebaki vitabuni tu.

Katikati ya mji mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Viyoyozi vilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, Phoenix ulipanuka upesi, na nyumba za zamani zikabomolewa mtaa baada ya mtaa. Makumbusho ya Sanaa yalifunguliwa mwaka 1959. Watoto huvutwa zaidi na chumba cha giza cha Yayoi Kusama, chenye vioo na taa ndogo zinazoning'inia kama vimulimuli, ambamo mtu hupoteza hisia ya ukuta. Mwaka 1974 serikali ya mji ilinunua nyumba ya daktari Rosson, iliyojengwa mwaka 1895, ikaikarabati. Vibaraza vyake vinaonyesha jinsi watu walivyovumilia joto kabla ya viyoyozi: usiku walilala nje, wengine wakijifunika mashuka yaliyoloweshwa maji.

Kando ya nyumba hiyo, mwaka 1997, kituo cha sayansi kilichoanza 1984 katika nafasi finyu kilihamia jengo lililosanifiwa na Antoine Predock. Hapo desturi ya kutazama bila kugusa ikavunjwa rasmi, na kwingine kukafuata. Mwaka 2008 Makumbusho ya Watoto yalifunguliwa katika shule ya zamani ya Monroe, jengo la miaka ya 1910. Badala ya makabati ya vioo lina msitu wa sponji ndefu za kuogelea, ambamo wadogo hupenya huku wakicheka. Mwaka 2010 yakaja Makumbusho ya Ala za Muziki, yaliyoasisiwa na Bob Ulrich, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya maduka ya Target. Ala zimepangwa kwa nchi, karibu 200, na mgeni huvaa hedifoni: akisogea mbele ya meza ya nchi fulani, muziki wake huanza wenyewe, akiondoka hunyamaza. Afrika ina sehemu yake, na hapo ngoma, marimba na zeze husikika zikipigwa na wenyewe, mahali pake, kwenye filamu fupi. Mwisho wa ziara kuna chumba ambamo kila mtoto anaruhusiwa kupiga ngoma na gongo kwa nguvu zote.

Machi 2023 Pueblo Grande, jina la Kihispania ambalo Waakimel O'odham hawakuwahi kulichagua, liliondolewa. Makumbusho ya kwanza ya mji sasa yanaitwa S'edav Va'aki, maneno ya Kio'odham yanayotaja nyumba kuu ya ibada iliyosimama katikati. Watoto wa Phoenix wanajifunza kutamka kituo cha koo kinachoonyeshwa na alama ya ritifaa ndani ya jina.

Miezi michache baadaye joto lilifikia nyuzi 43.3 au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Familia zilijazana ndani ya majumba. Nje, katika bustani iliyoanzishwa ili kuitetea mimea ya jangwa, baadhi ya saguaro zilidondosha matawi na nyingine zikaanguka nzima nzima. Saguaro hufungua vinyweleo vyake usiku, ukipoa, ili ipumue. Kiangazi hicho usiku haukupoa.