Kifua Kikuu: Upepo wa Mlimani na Dawa ya Sindano

Katika maradhi yaliyomtesa mwanadamu tangu kale, ni machache yaliyoua watu wengi kama kifua kikuu. Mgonjwa alikohoa, akakonda, akatema damu, na jirani zake wakamwogopa. Dawa hapakuwa nayo. Basi watu wakauliza: je, mwili waweza kupona kwa kubadili namna ya kuishi tu, au hauna budi kungojea dawa? Swali hilo lilichukua miaka mia kujibiwa.

Katika miaka ya 1850 daktari Mjerumani, Hermann Brehmer, alianzisha hospitali ya milimani huko Görbersdorf, mahali ambapo leo ni nchi ya Poland. Wagonjwa wake walipewa chakula kingi, upepo safi na matembezi ya kipimo. Hospitali za namna hiyo zikaenea Ulaya na Marekani.

Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kiletacho ugonjwa. Je, namna ya kuishi ilikuwa haina maana tena? Daktari Edward Livingston Trudeau wa Marekani, aliyekuwa mwenyewe mgonjwa wa kifua kikuu, alitaka kuhakikisha. Aliwagawa sungura kumi na watano mafungu matatu. Watano aliwatia vijidudu, akawafungia mahali penye giza na unyevu, kwa chakula kidogo. Watano aliwafungia vivyo hivyo bila ya kuwatia vijidudu. Watano wa mwisho aliwatia vijidudu, kisha akawaachilia kisiwani wapate jua, hewa na chakula tele. Katika fungu la kwanza walikufa wanne. Fungu la pili walikonda, lakini hawakuugua kifua kikuu. Wa kisiwani alikufa mmoja tu. Basi ikadhihirika kwamba dhiki peke yake haileti ugonjwa huo, lakini humdhoofisha aliyekwisha kuupata. Hata hivyo kisiwa hakikuwaokoa wote, na Trudeau mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1915.

Mwaka 1943 Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, aligundua streptomaisini. Waingereza waliijaribu kwa uangalifu, wakatangaza matokeo mwaka 1948. Wagonjwa 52 walipumzika kitandani tu. Wengine 55 walipumzika na kudungwa sindano. Baada ya miezi sita, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa 14; katika la pili, wanne. Lakini furaha haikudumu. Vijidudu vya wengi vilizoea dawa, ikawa haifanyi kazi tena. Ndipo madaktari wakajifunza kutumia dawa mbili au zaidi kwa pamoja.

Likabaki swali la maskini: je, asiye na kitanda hospitalini afe? Mwaka 1956, mjini Madras, India, madaktari waliwagawa wagonjwa makundi mawili. Wote walipewa dawa zile zile kwa mwaka mzima. Wengine walilazwa hospitalini, wengine walibaki nyumbani, katika vyumba vya msongamano na chakula haba. Waliobaki nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa, na jamaa zao hawakuambukizwa zaidi. Tangu hapo milango ya hospitali za milimani ikaanza kufungwa.

Nchi zetu nazo zilichangia. Mwaka 1972 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Afrika ya Mashariki na Zambia, yaliyoonyesha kwamba dawa zilizochanganywa vema zaweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita badala ya kumi na minane.

Je, Brehmer na Trudeau walipoteza bure wakati wao? Sivyo. Mwaka 2023 uchunguzi katika jimbo la Jharkhand, India, ulionyesha kwamba jamaa za wagonjwa waliopewa chakula bora zaidi walipatwa na ugonjwa huo kwa uchache, kiasi cha asilimia 39 pungufu ya wenzao. Chakula, hewa na nyumba nzuri hukinga, dawa huponya. Amwambiaye mgonjwa aache vidonge ashike upepo humpoteza, na amwambiaye kwamba vidonge vyatosha, naye akalala na njaa, amemwambia nusu ya kweli. Nasi tukumbuke: mficha maradhi kifo humwumbua. Akohoaye kwa majuma mawili, na aende akapimwe.