Ofa ya kazi katika nchi za Afrika Mashariki: masharti ya kupata kibali

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mtanzania aliyepewa ofa ya kazi katika nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anayo haki, kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya hiyo, ya kuikubali ofa, kusaini mkataba, kwenda katika nchi husika na kufanya kazi huko. Haki hiyo ina masharti yake. Barua ya ofa pekee haimruhusu mtu kuanza kazi; kinachomruhusu ni kibali, na kibali hutolewa kwa mtu ambaye kazi yake, elimu yake na mkataba wake vimekidhi matakwa ya nchi anayokwenda. Makala hii inaeleza matakwa hayo kwa mpangilio ambao mwombaji aliyeko Dodoma, Singida au kwingineko katika Kanda ya Kati hukutana nao.

Itifaki ilisainiwa jijini Arusha tarehe 20 Novemba, 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, wakati Jumuiya ikiwa na nchi tano: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Ibara ya 10 inahusu uhuru wa wafanyakazi kwenda na kuajiriwa katika nchi yoyote mwanachama bila kubaguliwa kwa misingi ya uraia katika ajira, ujira na mazingira ya kazi. Ibara hiyo hiyo inaziachia nchi mamlaka ya kuzuia kwa sababu za usalama, afya na maslahi ya umma, na inautoa utumishi wa umma nje ya uhuru huo isipokuwa pale sheria za nchi husika zinaporuhusu. Kwa hiyo nafasi zinazozungumzwa hapa ni zaidi zile za sekta binafsi, taasisi zisizo za kiserikali na mashirika ya dini.

Je, kazi yenyewe imefunguliwa?

Hili ndilo swali ambalo waombaji wengi hulifikia mwisho, ilhali lingepaswa kuulizwa kwanza. Soko la Pamoja halikufungua kazi zote kwa mara moja. Kila nchi iliwasilisha jedwali lake, lililoambatishwa kwenye Kanuni za Uhuru wa Wafanyakazi, likitaja aina za kazi ambazo raia wa nchi nyingine wanaweza kuzifanya na tarehe ya kuanza kuzipokea. Majedwali hayo hayafanani. Kada iliyo wazi Kenya inaweza kuwa imefungwa kwingine, na jedwali linalomhusu mwombaji ni la nchi anayokwenda, wala si la Tanzania. Kwa ujumla yanawalenga watu wenye taaluma na mafundi sanifu. Kazi zisizohitaji ujuzi wa darasani kwa kiasi kikubwa hazimo.

Kazi isiyotajwa katika jedwali haimaanishi kwamba mlango umefungwa kabisa. Mwombaji bado anaweza kuomba kibali kwa sheria ya kawaida ya uhamiaji ya nchi hiyo, kama raia mwingine yeyote wa kigeni, lakini hapo hawezi kudai muda wala nafuu zilizowekwa na Itifaki. Vilevile, Sudan Kusini iliyojiunga mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyojiunga mwaka 2022 na Somalia iliyojiunga mwaka 2024 hazikuwamo Itifaki ilipoandikwa. Mwenye ofa kutoka Juba au Goma aulize kwanza katika ubalozi ni utaratibu gani unaotumika, kabla ya kudhani kuwa ni ule ule wa Nairobi.

Vyeti na usajili wa taaluma

Ibara ya 11 ya Itifaki inazitaka nchi zitambue vyeti vya kitaaluma vya upande wa pili. Utekelezaji wake umekwenda taaluma kwa taaluma, kupitia makubaliano kati ya bodi za usajili. Wahasibu na wasanifu majengo walitangulia mwaka 2011, wahandisi wakafuata mwaka 2012 na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hapa nchini kama mhandisi mtaalamu, kwa mfano, anaweza kuomba kuingizwa katika daftari la bodi ya nchi nyingine iliyosaini bila kurudia mitihani yote. Neno la kuzingatia hapo ni kusajiliwa. Mwenye shahada ya uhandisi ambaye hajasajiliwa nyumbani hana cha kutambuliwa ugenini, na kuna wahitimu ambao hugundua hilo baada ya kupata ofa, muda ukiwa umekwisha kuyoyoma.

Kwa taaluma ambazo hazina makubaliano ya namna hiyo, mwombaji hufuata sheria ya nchi anayokwenda tangu mwanzo. Tuchukue mwalimu wa hisabati aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma na kupewa ofa na shule binafsi ya Nairobi. Kenya haimruhusu mtu yeyote kufundisha, hata katika shule binafsi, bila kusajiliwa na tume yake ya walimu, TSC. Shahada yake nayo itahitaji kutambuliwa na mamlaka ya Kenya inayolinganisha vyeti vya nje. Mambo hayo mawili huchukua muda, na shule yenye haraka ya kujaza nafasi inaweza isisubiri. Ni busara mwalimu huyo aanze kuyashughulikia akiwa bado Dodoma, siku anapoitwa kwenye usaili, badala ya siku anapopokea barua. Muuguzi, mfamasia na daktari wako katika hali inayofanana: baraza la nchi ya ajira litataka uthibitisho wa maandishi kutoka baraza la Tanzania kwamba usajili wao uko hai na hawana shauri la kinidhamu.

Mkataba

Mkataba ndio waraka utakaosomwa kuliko mwingine wowote. Ofisa anayeushughulikia hutaka kuona jina na anwani ya mwajiri, cheo cha kazi, kituo cha kazi, ujira, muda wa ajira na saini za pande zote mbili. Cheo kilichoandikwa kilingane na kazi iliyomo katika jedwali na pia na cheti cha mwombaji. Barua inayosema tu kwamba mtu "ameajiriwa kama mfanyakazi wa kampuni" huleta maswali kwa sababu haionyeshi ni ujuzi gani unaohitajika.

Muda wa mkataba huamua pia aina ya ruhusa. Ajira isiyozidi siku 90 hutolewa pasi maalumu. Ajira inayozidi siku 90 huhitaji kibali cha kazi, na maombi hayo yanapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba uliposainiwa. Siku hizo ni chache kuliko zinavyoonekana, hasa kwa mtu ambaye bado anafuatilia pasipoti. Njia ya kujilinda ni kukamilisha nyaraka zote kwanza, kisha kusaini.

Nyaraka zinazokusanywa nyumbani

Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuanzia mwaka 2014 kuwaruhusu raia wao kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika utaratibu huo, hivyo Mtanzania anahitaji hati ya kusafiria. Kwa ajira ya muda mrefu, pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa nchini Januari 2018, ndiyo inayofaa. Hati ya dharura ni ya safari fupi na haitoshi kubeba kibali cha miaka miwili.

Kuomba pasipoti kunahitaji kitambulisho au namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Hapa ndipo wananchi wengi wa vijijini, kuanzia Chemba hadi Mpwapwa na Manyoni, hukwama: jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha kidato cha nne, au herufi moja imebadilika kati ya NIDA na chuo. Tofauti ndogo ya namna hiyo, ambayo hapa nyumbani haijawahi kumzuia mtu kulipwa mshahara, inaweza kusimamisha ombi zima ugenini. Irekebishwe kwanza.

Mwombaji aandae pia nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, hati ya tabia njema kutoka Jeshi la Polisi, picha ndogo, wasifu wake, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nakala halisi zisiachwe kwa mtu yeyote. Mwajiri au wakala anayeshikilia pasipoti au vyeti halisi vya mfanyakazi kwa madai ya kuvitunza anamnyima uwezo wa kuondoka.

Mpakani na baada ya hapo

Kutoka Dodoma, aendaye Kenya hupita Kondoa na Babati hadi Arusha na kuvukia Namanga. Aendaye Rwanda hupita Singida na Nzega hadi Rusumo. Katika vituo vyote hivyo ofisa wa uhamiaji huuliza sababu ya safari, na jibu lake lina uzito wa kisheria. Anayekwenda kuanza kazi aonyeshe mkataba na aseme hivyo. Kanuni zinampa haki ya pasi ya hadi miezi sita akamilishe taratibu za kibali. Anayejitambulisha kama mgeni anayetembelea ndugu hupewa pasi ya mgeni, ambayo haimruhusu kufanya kazi hata siku moja. Kwenda kutafuta kazi au kuhudhuria usaili kwa pasi ya mgeni si kosa. Kosa huanza pale anapoingia kazini nayo.

Mamlaka ya nchi husika inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 30 tangu kupokea maombi. Kibali cha awali huwa cha hadi miaka miwili na kinaweza kuhuishwa. Nchini Kenya kibali cha mwajiriwa hutolewa na mamlaka ya uhamiaji. Ada hutofautiana kati ya nchi na nchi, na baadhi zimeondoleana ada zenyewe kwa zenyewe. Mwajiri aulizwe mapema nani atalipa, na jibu liandikwe katika mkataba. Ombi likikataliwa, mwombaji anastahili kuelezwa sababu kwa maandishi na anaweza kukata rufaa.

Kibali hufungamana na ajira iliyotajwa ndani yake. Anayehama mwajiri huomba upya. Mfanyakazi anayo haki ya kufuatana na mwenza na watoto wake, ambao nao huombewa pasi ya wategemezi, na Itifaki inawaruhusu kutafuta ajira. Kuhusu hifadhi ya jamii, anapaswa kuhudumiwa kama mfanyakazi raia wa nchi hiyo, lakini asidhani kwamba michango yake ya NSSF ya hapa nchini itaunganishwa moja kwa moja na ile ya ugenini. Aulize kabla hajaondoka.

Ofa za uongo

Ofa isiyotaja mwajiri, inayotaka fedha za "usajili" zitumwe kwa simu kabla mkataba haujaonekana, au inayomwelekeza mtu avuke kama mtalii na kwamba "mambo mengine yatamalizwa huko", ina dalili zote za utapeli. Baadhi ya ofa hizo huishia katika usafirishaji haramu wa binadamu, kosa chini ya sheria ya mwaka 2008. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa amesajiliwa na Serikali, na uhalali wake unaweza kuulizwa katika ofisi za kazi. Wazazi wanaochanga fedha za nauli wanayo haki ya kuuona mkataba kabla ya kuchanga.

Kwa waajiri wa Dodoma

Itifaki hiyo hiyo huleta wataalamu upande wetu, na shule, hospitali na kampuni za ujenzi zinazokua pamoja na Makao Makuu ya nchi zimekuwa zikiuliza utaratibu. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Chini yake mwajiri ndiye anayeomba, kwa mfumo wa kielektroniki, na Kamishna wa Kazi ndiye anayetoa kibali cha kazi. Kisha huombwa kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Ni vibali viwili, na kuwa na kimoja hakufidii kukosekana kwa kingine. Zanzibar ina sheria na Kamishna wake.

Mwajiri anatakiwa kuonyesha kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo na hakumpata, na awe na mpango wa urithishaji ujuzi unaoeleza ni Mtanzania gani atakayejifunza kazi hiyo na kwa muda gani. Kibali hutolewa kwa miezi 24, na wakati wa kuomba kukihuisha mpango huo hukaguliwa. Mwajiri ambaye Mtanzania aliyetajwa humo aliacha kazi zamani bila nafasi yake kujazwa ajiandae kulieleza hilo kwa maandishi.