Rafiki Aliye Upande wa Adui

Katika usharika mmoja niliowahi kuutumikia, wazee wawili wa kanisa waliacha kusalimiana kwa sababu ya vita ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyevipigana. Vilikuwa vita vya nchi za mbali, walivyovifuatilia redioni. Mmoja alisema upande huu una haki, mwingine akasema upande ule. Maneno yakapanda, yakafika mahali ambapo yule wa kwanza alimwita mwenzake msaliti. Walikuwa wamekaa benchi moja ibadani kwa miaka mingi. Jumapili iliyofuata mmoja alihamia upande wa pili wa kanisa. Nilipowatembelea majumbani, kila mmoja aliniuliza swali lile lile: "Mchungaji, wewe uko upande gani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilichokuwa nacho ni habari niliyojifunza chuo cha theolojia katika somo la historia ya kanisa, habari ya watumishi wawili wa Mungu waliokuwa marafiki wakati nchi zao zikipigana. Niliwasimulia wazee wale, na sasa ninakusimulia wewe, ndugu msomaji.

George Bell alikuwa askofu wa Anglikana wa Chichester, kusini mwa Uingereza, tangu mwaka 1929. Dietrich Bonhoeffer alikuwa mchungaji wa Kilutheri kutoka Ujerumani. Wote wawili walizaliwa tarehe 4 Februari, Bell mwaka 1883 na Bonhoeffer mwaka 1906. Wote wawili walifiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia: Bell alipoteza wadogo zake wawili, na Bonhoeffer alipoteza kaka yake Walter mwaka 1918. Kwa hiyo hakuna kati yao aliyezungumzia vita kama mtu aliyesoma habari zake gazetini tu.

Walifahamiana baada ya Oktoba 1933, Bonhoeffer alipokwenda London kuwa mchungaji wa sharika za Wajerumani. Hitler alikuwa ameingia madarakani mwezi Januari mwaka huo, na kanisa la Ujerumani lilikuwa limeanza kugawanyika. Wapo waliotaka kanisa lifuate siasa ya chama cha Nazi, hata kuwafukuza wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Bonhoeffer alimweleza Bell yaliyokuwa yakitendeka, naye Bell akayatangaza kwa watu wake. Wakimbizi walipoanza kuingia Uingereza, Bell aliwapokea. Miongoni mwao alikuwamo dada pacha wa Bonhoeffer, Sabine, pamoja na mumewe Gerhard Leibholz, mwanasheria ambaye wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyahudi.

Vita vilipoanza Septemba 1939, urafiki huo ulipaswa kufa. Posta ilifungwa, mipaka ikafungwa, na kila taifa likawafundisha watu wake kumchukia adui. Bell hakuwa mtu wa kukataa vita vyote. Aliamini kwamba Hitler lazima azuiwe, na kwamba nchi yake ilikuwa na haki ya kupigana. Lakini mwaka ule ule aliandika kwamba kanisa si idara ya serikali. Kazi yake si kurudia maneno ya wakubwa. Kazi yake ni kusema lililo kweli hata wakati taifa lina hasira. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilipowaweka kizuizini maelfu ya Wajerumani, wakiwamo wakimbizi waliomkimbia Hitler mwenyewe, Bell aliwatembelea na kuwatetea Bungeni.

Bonhoeffer naye alikuwa na mapambano yake. Ujanani alipokuwa akisoma New York, rafiki yake Mfaransa, Jean Lasserre, alimfanya aisome upya Hotuba ya Mlimani na kuichukua kwa uzito kama amri ya Bwana kwa watu wake. Kwa miaka mingi Bonhoeffer alihubiri amani. Mwaka 1939 alipata nafasi ya kubaki Marekani salama, lakini baada ya majuma machache akarudi nyumbani, kwa kuwa aliona hawezi kushiriki kuijenga upya Ujerumani kama hakushiriki mateso yake. Aliporudi alijiunga na watu waliopanga kwa siri kumwondoa Hitler. Hakudai kwamba mikono yake ni safi. Alijua anabeba hatia, na aliiweka mbele za Mungu bila kujihesabia haki.

Jumapili ya tarehe 31 Mei 1942 marafiki hawa walionana tena, katika mji mdogo wa Sigtuna nchini Uswidi, ambayo haikuwa upande wowote katika vita. Bell alikuwa ziarani kwa makanisa ya huko. Bonhoeffer alifika akiwa na hati za idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani, ambamo baadhi ya wakuu walikuwa wapinzani wa Hitler kwa siri. Alimtajia Bell majina ya viongozi wa mpango ule. Swali lao kwa Uingereza lilikuwa hili: tukimwondoa Hitler, je, mtakubali kuzungumza amani na serikali mpya?

Pale Sigtuna palikuwa pia na mchungaji mwingine Mjerumani, Hans Schönfeld, na hapo mabishano ya marafiki yakaanza. Schönfeld aliliweka jambo kama mtu anayefanya mapatano: Ujerumani bado ina nguvu, basi tupewe masharti yanayovumilika. Bonhoeffer hakukubali. Alisema Wajerumani Wakristo hawapaswi kukwepa toba. Nchi yao imetenda uovu mkubwa, na lolote watakalolifanya lazima lionekane kuwa ni kutubu. Fikiri, ndugu msomaji, ujasiri wa mtu anayesema hivyo juu ya taifa lake mwenyewe, mbele ya raia wa nchi inayopigana nalo.

Bell alirudi London, na tarehe 30 Juni akamkabidhi habari hizo waziri wa mambo ya nje, Anthony Eden. Mwezi Julai Eden akajibu kwamba haingekuwa kwa manufaa ya taifa kupeleka jibu lolote. Tusiwe wepesi wa kuilaumu serikali ile. Mwezi Novemba 1939, huko Venlo mpakani mwa Uholanzi, majasusi wa Hitler walijifanya wapinzani wake, wakawanasa maofisa wawili wa Uingereza. Aliyewahi kuumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Tena, siku chache kabla ya mkutano wa Sigtuna, Uingereza ilikuwa imetia sahihi mkataba na Urusi ya Kisovieti, na kila mmoja aliogopa mwenzake asije akafanya amani peke yake. Watu wenye akili na dhamiri wangeweza kutofautiana juu ya jambo hili, na walitofautiana.

Lakini usiku wa kuamkia Jumapili ile ya Sigtuna, lilikuwa limetokea jambo jingine. Ndege za Uingereza zaidi ya 1,000 ziliushambulia mji wa Cologne kwa usiku mmoja. Vita vya angani vilikuwa vimebadilika. Shabaha haikuwa tena kiwanda au reli tu, bali mji mzima pamoja na waliomo. Julai 1943 mji wa Hamburg uliungua, wakafa watu karibu 40,000, wengi wao raia wa kawaida.

Bell aliona hawezi kunyamaza, na hapo akagundua kwamba kupinga jambo wakati wa vita kunakugharimu kwanza miongoni mwa marafiki. Askofu Mkuu wa Canterbury, William Temple, mtu wa imani ya kina aliyefanya naye kazi miaka mingi, alimwambia waziwazi kwamba hana wasiwasi kama wake na hatausemea. Mkuu wa kanisa kuu la Chichester, Duncan-Jones, ambaye naye alikuwa mpinzani wa Wanazi tangu mwanzo, alimwomba asije kwenye ibada ya kuwakumbuka marubani ya Septemba 1943. Bell hakwenda. Wale waliomkasirikia hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa na watoto wao ndani ya ndege zile. Hadi vita vinakwisha, askari zaidi ya 55,000 wa kikosi cha ndege za mabomu walikuwa wamekufa.

Tarehe 9 Februari 1944 Bell alisimama katika Baraza la Juu la Bunge. Kabla hajasimama, Lord Woolton, aliyekuwa waziri, alimjia akamwambia kwamba kila aliyemo humo angependa asiitoe hotuba ile, lakini kila mmoja anajua kwamba anaitoa kwa sababu anaamini ni wajibu wake. Bell alianza kwa kukiri kwamba Ujerumani ndiyo iliyotangulia kushambulia miji ya wengine. Alikubali kwamba viwanda vya silaha na njia za jeshi ni shabaha halali. Kisha akauliza: kuufuta mji mzima, na wanawake na watoto wake, kunawezaje kuwa njia ya kutetea haki? Kama tunapigana kwa ajili ya sheria, alisema, nguvu peke yake haiwezi kuwa bwana wetu. Askofu Mkuu mstaafu, Cosmo Lang, alimuunga mkono. Serikali ilijibu kwamba mashambulizi yataendelea, na yaliendelea. Mwaka huo huo Temple alifariki, na Bell hakuchaguliwa kushika nafasi yake. Wengi waliamini kwamba hotuba ile ndiyo iliyomgharimu.

Je, hotuba ile iliokoa mtu? Siwezi kudai hivyo. Mwaka mmoja baadaye Dresden nayo iliungua. Lakini angalia namna Bell alivyopinga. Hakunong'ona pembeni wala hakuchochea watu wasiitii serikali. Alisema mahali pa halali, mbele ya wenye mamlaka, kwa jina lake. Hakuwaita wapinzani wake wauaji. Na hakulegeza hata kidogo hukumu yake juu ya uovu wa Hitler. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alipoisikia "Ujerumani", hakusikia jina la nchi tu. Aliuona uso wa Dietrich.

Sisi Walutheri tunayo mafundisho ya kutusaidia hapa. Mwaka 1526 Luther aliandika juu ya askari na wokovu wao. Aliuheshimu utumishi wa askari, lakini alifundisha pia kwamba mtu akiwa na hakika kuwa vita ni vya dhuluma, impasavyo ni kumtii Mungu kuliko wanadamu, kama mitume walivyosema katika Matendo 5. Na kila aliyepita darasa la kipaimara anakumbuka jinsi Katekisimo Ndogo inavyoifafanua amri ya nane: tusimsingizie jirani, bali tumtetee na kumfikiria mema. Wakati wa vita amri hii ndiyo ya kwanza kusahaulika. Uongo juu ya adui huonekana kuwa uzalendo.

Na habari hii si ya Ulaya peke yake. Vita vile vilipoanza, wamisionari Wajerumani waliokuwa Tanganyika waligeuka kuwa raia wa taifa adui, wakawekwa chini ya ulinzi na wengi wakaondolewa. Sharika za Uchagani, Usambara na Nyanda za Juu Kusini zilibaki bila watu waliokuwa wameishi nao miaka mingi. Wachungaji na wainjilisti wenyeji waliibeba kazi, na Walutheri wa Marekani na Uswidi wakaja kusaidia. Walutheri wa Marekani hawakusema kwamba kazi iliyoanzishwa na Wajerumani iachwe ife, hata baada ya nchi yao kuingia vitani dhidi ya Ujerumani. Sehemu ya kanisa letu la leo imesimama juu ya uamuzi ule.

Bonhoeffer alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943. Jumapili ya tarehe 8 Aprili 1945 aliwaongoza wafungwa wenzake katika ibada fupi. Mara baada ya ibada aliitwa, na wote walijua maana yake. Kabla ya kuondoka alimpa mfungwa mmoja Mwingereza, Payne Best, ujumbe wa kumpelekea Askofu Bell: kwamba huu ni mwisho, lakini kwake ni mwanzo wa uzima, na kwamba bado anaamini undugu wa Wakristo unaopita chuki zote za mataifa. Payne Best huyo alikuwa mmoja wa maofisa wale wawili walionaswa kwa hila kule Venlo. Kesho yake, tarehe 9 Aprili, Bonhoeffer alinyongwa huko Flossenbürg.

Tarehe 27 Julai 1945 Bell aliongoza London ibada ya kumkumbuka rafiki yake, Mjerumani, katika mji uliokuwa bado na vifusi vya mabomu ya Wajerumani. Ibada ilirushwa redioni. Huko Berlin, wazazi wazee wa Bonhoeffer waliisikia.

Nilipomaliza kuwasimulia wazee wangu wawili, kila mmoja nyumbani kwake, yule wa kwanza alikaa kimya, kisha akasema: "Mchungaji, mimi simjui hata mtu mmoja wa upande ule ninaoulaani." Yule wa pili alisema neno fupi zaidi: "Wala mimi."

Hawakukubaliana juu ya vita vile, na sidhani kama waliwahi kukubaliana. Lakini Jumapili ya Chakula cha Bwana niliwaona wamepiga magoti wakiwa karibu, na walipotoka nje yule aliyemwita mwenzake msaliti ndiye aliyetangulia kumpa mkono.