Macho ya Manjano Ukambani, 1981 na 2004

Mtu akionekana na macho ya manjano, wengi wetu husema upesi kwamba huyo ni mlevi, pombe imemmaliza ini. Pombe huharibu ini, ni kweli. Lakini sikiliza yaliyotokea Ukambani.

Mwaka 1981 watu 20 wa Machakos walilazwa hospitalini na ugonjwa wa ini. 12 walifariki. Ugonjwa wenyewe haukuanza na macho. Ulianza na kukosa hamu ya chakula, mwili kulegea, homa kidogo na tumbo kusumbua. Nani kati yetu hangesema ni malaria? Baada ya siku chache ndipo unjano ulipojitokeza, ukazidi. Uchunguzi ulipofika nyumbani kwao ilibainika kwamba njiwa walikuwa wametangulia kufa, kisha mbwa, halafu watu. Wote walikula mahindi yaliyoota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo hulishambulia ini.

Mwaka 2004 ikawa vile vile, tena kwa ukubwa zaidi. Makueni na Kitui ziliumia sana, na Machakos na Thika pia zikaguswa. Kufikia tarehe 20 Julai wagonjwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Kulikuwa na watoto miongoni mwao, kwa hivyo hayo ya ulevi tuyaache. Mahindi ya Februari yalivunwa huku mvua ikinyesha nje ya majira yake, na familia nyingi ziliyaweka ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Chakula kilikuwa haba. Simlaumu mtu kwa kulala karibu na gunia lake. Mahindi ya sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Na sumu hii haiishi kwa kuchemsha githeri wala kusonga ugali.

Sasa, wewe utajuaje? Ngozi yetu nyeusi huficha unjano. Mtoe mgonjwa nje mchana, mwambie atazame chini, uinue kope la juu uangalie ile sehemu nyeupe ya jicho. Taa ya koroboi itakudanganya. Uliza juu ya mkojo: je, ni mweusi kama chai kali isiyo na maziwa, hata akinywa maji mengi? Choo je, kimepauka kama udongo? Wengine huwashwa mwili mzima bila vipele. Tumbo likijaa maji na miguu kuvimba, ini limeumia sana. Na akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akianza kuchanganyikiwa na kusinzia ovyo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Dalili hizi zina sababu nyingi. Malaria kali yaweza kuleta macho ya manjano, na virusi vya hepatitisi B pia. Mwaka 2004 ilionekana kwamba virusi hivyo vilipatikana zaidi kwa waliougua. Kwa hivyo usijitibu kwa kubahatisha; kubali kupimwa damu.

Ukifika, mweleze daktari mmekula nini nyumbani na nani mwingine anaumwa. Beba mahindi kidogo kutoka gunia lile lile. Na usisahau kumtajia kuku, njiwa na mbwa.