Umeteguka Mguu Uwanjani? Soma Hii Kabla Urudi Gemu

Unaruka kupiga kichwa, unashuka, mguu unakanyaga kashimo na kifundo kinageukia ndani. Unaskia "ta!" Mbogi inakuja mbio. Mmoja anakumwagia maji, mwingine anauvuta mguu eti anaurudisha, na kochi anauliza, "Uko fiti tuendelee?" Kama umewahi kucheza mpira mtaani, hii stori unaijua.

Mimi niliteguka wiki moja kabla ya fainali ya mtaa. Siku ya mechi uvimbe ulikuwa umeshuka, nikafunga bandeji, nikameza dawa mbili za maumivu na nikaingia. Sikumaliza dakika kumi. Mguu ulirudia palepale, na safari hii nilikaa nje miezi mitatu. Hakuna mtu alinilazimisha, ni kichwa ngumu tu. Kwa hivyo msee, chukua hii kutoka kwa mwenye ilimramba: maumivu kuisha na mguu kupona ni vitu viwili tofauti.

Ni nini huumia?

Kifundo cha mguu kimeshikwa na kano, hizo ni kama kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Upande wa nje ziko tatu. Mguu ukigeukia ndani, hizo ndizo huvutika, na ile ya mbele ndiyo huumia sana sana.

Madaktari huweka hii kitu kwa viwango vitatu. Cha kwanza, kano imevutika tu na wengi hurudi baada ya wiki moja hadi tatu. Cha pili, imechanika kiasi, hapo hesabu wiki tatu hadi sita. Cha tatu, imekatika kabisa, na inaweza kula miezi mitatu ama zaidi.

Wakati wa kukimbia hosi

Usikae kwa keja ukingoja ikiwa:

- Huwezi kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea.
- Ukifinya mfupa wenyewe, ule uliotokeza kando ya kifundo, unauma vibaya. Hata ule wa ukingo wa nje wa wayo, ama wa katikati ya mguu upande wa ndani.
- Mguu umepinda, umekufa ganzi, ama vidole vimekuwa baridi na vimebadilika rangi.

Hapo unahitaji eksrei, kwa sababu inaweza kuwa mfupa umevunjika. Usidanganywe na ile story ya "ukiweza kusongesha vidole haujavunjika." Kuna watu wamesongesha vidole na mfupa uko vipande viwili.

Siku tatu za kwanza

Toka uwanjani hapo hapo. Funga barafu kwa kitambaa, usiiweke kwa ngozi moja kwa moja, uache dakika 15 hadi 20, kisha urudie kila baada ya masaa mawili ama matatu. Kama hakuna friji, nunua barafu kwa duka la samaki ama utumie maji baridi sana. Funga bandeji ya kuvutika, lakini vidole vikianza kufa ganzi, ilegeze. Ukilala, inua mguu juu ya mito upite usawa wa moyo ndio uvimbe ushuke.

Sasa ile sehemu ngumu: usiende kukandwa. Najua kila mtaa uko na mzee ama mathe anasifika kwa kukanda, na huwa wana nia poa. Lakini siku hizo za kwanza ndani kunavuja damu. Ukikandwa kwa nguvu, ukilowekwa kwa maji moto ama ukipiga pombe, uvimbe unaweza kuongezeka. Na kama kuna mfupa umevunjika, kuuvuta ni kujitafutia ngori.

Dawa za maumivu ni sawa, lakini kama una vidonda vya tumbo ama shida ya figo, ongea na mhudumu wa duka la dawa kwanza. Na usizimeze ndio ucheze. Maumivu ndiyo refa wako, na hapo ni kama umemfukuza uwanjani.

Kuanzia siku ya nne

Kama daktari hajakuzuia, kulala tu si tiba. Mguu ukikaa bila kazi unakauka na misuli inapungua. Anza polepole:

1. Ukiwa umekaa, andika herufi A hadi Z hewani ukitumia kidole gumba cha mguu, mara mbili kwa siku.
2. Ukiweza kukanyaga bila uchungu mwingi, shika ukuta, inuka kwa vidole, shuka polepole. Anza na miguu yote miwili, halafu mmoja.
3. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30. Ikikuwa rahisi, funga macho. Unaweza fanya hii ukipiga mswaki.
4. Baadaye ongeza kuruka, kukimbia moja kwa moja, na mwisho kukata kona.

Hiyo namba tatu wengi huiruka na ndiyo ya maana zaidi. Kano zina neva zinazoambia ubongo mguu umekaaje. Kano ikiumia, hizo habari zinachelewa, na ndio maana msee aliyeteguka mara moja huteguka tena kwa urahisi. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yanarudisha hiyo rada. Yafanye hata miezi kadhaa baada ya kurudi.

Utajuaje uko tayari?

Usiangalie kalenda, linganisha na ule mguu mzima. Je, unaruka kwa mguu mmoja umbali ule ule? Unasimama macho yakiwa yamefungwa muda ule ule? Unapiga mbio, unasimama ghafla na kugeuka pande zote bila kuuma na bila uoga? Kama jibu moja ni hapana, kaa benchi.

Hata mabingwa wamejifunza kwa njia ngumu. Ronaldo wa Brazil aliumia goti akiwa Inter Milan Novemba 1999. Alirudi Aprili 12, 2000 dhidi ya Lazio, na baada ya dakika chache tu uwanjani goti likaachilia tena. Huyo alikuwa na madaktari wa pesa mob. Safari ya pili alipewa muda mrefu, na Kombe la Dunia la 2002 akafunga mabao manane na kubeba kombe.

Kwa hivyo ukiskia kochi anauliza kama uko fiti, na mashabiki wa mtaa wanaita jina lako, kumbuka hiyo fainali itaisha kwa dakika 90. Mguu utaendelea kuutumia. Mimi hadi leo nikishuka mat kabla isimame vizuri, kale kafundo hunikumbusha. Fainali yenyewe tulichapwa, na hakuna mtu mtaani anakumbuka ilikuwa ngapi ngapi.