Siyo Orijino

Baba mdogo alipoona madigadi mapya kwenye Yamaha DT yake, aliyoipanda miaka yote akiwa bwana shamba, alisema neno moja tu: “Hii siyo orijino.”

Tulikuwa kwa fundi, Mlandizi, kando ya barabara ya Morogoro. Madigadi ya zamani yalikuwa yamekaushwa na jua mpaka yanameguka kama kaukau. Haya mapya yametoka kiwanda kingine kabisa, na matundu yake hayakukaa sawa. Fundi akayamwagia maji ya moto yalainike, akaingiza boliti zote bila kukaza, akakandamiza shokapu aone kama tairi itagusa. Ndipo akakaza.

Mimi nikawa nawaza historia. Yamaha DT-1 ilitoka mwaka 1968 ikiwa na madigadi ya chuma. Ukianguka porini, chuma kinapinda, kinasugua tairi, safari imeishia hapo. Miaka ya 1970 Preston Petty, mwendesha pikipiki za mashindano wa Marekani, akawa miongoni mwa walioanza kuuza madigadi ya plastiki yanayokunjika bila kuvunjika. Watu wakang’oa ya kiwandani, wakafunga ya kwake.

Kumbe hata enzi hizo, plastiki iliingia kwenye pikipiki nyingi za porini kama kifaa cha kubadilishia. Orijino ilikuwa chuma.

Nikamweleza baba mdogo. Akainama, akafuta vumbi shingoni mwa fremu mpaka namba ikasomeka.

“Hii ndiyo iliyonivusha Ruvu,” akasema. Kisha akapiga kiki.